Mizinga Niliyoikana

Siku ile ya msaada naikumbuka kwa baridi yake, mwanangu. Baridi ya Eldoret unaijua, lakini wewe umeijulia ndani ya nyumba ya matofali. Ile ya ndani ya hema huijui, na naomba usije ukaijua. Ulikuwa msimu wa mvua, matope yamefika vifundoni, na sisi tuliofukuzwa makwetu baada ya ule uchaguzi tulikuwa tumepangwa kwenye uwanja wa maonyesho pale mjini kama magunia ya mahindi yaliyokosa mnunuzi. Nilikuwa kijana bado, mama wa mtoto mmoja, na nilidhani nimekwisha kuona yote ambayo dunia inaweza kumfanyia mtu. Kumbe lilikuwa limebaki moja la kujifanyia mwenyewe.

Keti vizuri basi. Na hiyo simu iweke mfukoni, haitakimbia.

Mume wangu, Baba Beryl, alikuja huku kutoka upande wa ziwa kufanya kazi katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipofungwa, wenzake wengi walirudi kwao. Yeye alichukua kile kidogo walichompa, akanunua kipande cha shamba upande wa Turbo, akasema hapa ndipo nitazeekea. Mimi nililia. Sikutaka kuzeekea kwenye baridi. Lakini Mungu alitupa jirani, na mwenye jirani mwema hata ukuta wake ukiwa wa udongo analala.

Jirani huyo aliitwa Mzee Chumo. Alikuwa mwenyeji wa pale, baba yake na babu yake wamezikwa pale. Mtu mrefu, mkimya, si wa kucheka ovyo. Ng'ombe alikuwa nao, lakini moyo wake ulikuwa kwa nyuki. Alimwona mume wangu anakaa bure jioni, akiwaza kiwanda chake kilichokufa, akamwita. Akamfundisha kuchimba gogo likawa mzinga, kulipaka nta ndani ili nyuki walipende, kulipandisha mtini kwa kamba, kufukiza moshi polepole bila papara. Mimi nilicheka. Nilimwambia, wewe Mjaluo umezoea samaki, nyuki watakuua. Hawakumuua. Baada ya misimu michache alikuwa na mizinga yake mwenyewe juu ya mikuyu ya kando ya mto, ndani ya shamba la Mzee Chumo, na Mzee akauchoma kila mmoja kwa chuma cha moto. Hakuweka alama yake. Aliweka alama ya Baba Beryl, waliyoichagua wawili wao.

Sasa sikiliza desturi ya pale, maana bila hiyo hutaelewa nililia nini. Mzinga wenye alama ya mtu haukuguswa na mtu mwingine. Mwizi wa ng'ombe angefukuzwa, angepigwa, angelipa, mambo yakaisha. Mwizi wa asali walimwogopa hata kumtaja, walisema laana yake inafika mpaka kwa wajukuu. Tena mwenye mzinga hakuzuiwa njia ya kuufikia, hata kama uko katika shamba la mtu asiyesalimiana naye. Na siku ya kurina aliwaita majirani wakala asali pamoja, na ukishakula asali ya mtu, huwezi kumwinulia mkono. Kitu kimoja tu kilifuta alama: mwenyewe kuukana mzinga wake watu wakasikia. Akishasema huo si wangu, basi, ni gogo kama gogo jingine.

Kisha uchaguzi ukaja, matokeo yakatangazwa, na moto ukafuata. Sitakusimulia yote. Walikuja alasiri, wengi, wamejipaka udongo usoni. Ng'ombe wetu wa maziwa walisukumwa tukiwaangalia. Nyumba iliwaka haraka kuliko unavyoweza kufikiri. Nilimfunga Beryl mgongoni tukakimbia mpaka barabara kuu, lori moja likatuhurumia. Lakini kabla ya kukimbia niligeuka, na katika ule moshi niliona kama namwona kijana mdogo wa Mzee Chumo. Nasema kama. Moshi una mambo yake, na hofu ina macho yake mabaya. Mpaka leo sina hakika. Ila hilo neno lilikaa kifuani mwangu, sikumwambia mtu, hata mume wangu.

Tulikaa kambini mpaka mahindi yakapandwa na wengine. Baba Beryl alitoka kila asubuhi kutafuta kibarua cha kupakia magunia mjini, akapata leo, akakosa kesho. Beryl alianza kukohoa. Mwanzoni nilisema ni baridi tu. Halafu akaanza kuhema kwa shida, mbavu zinaingia ndani, uji anaukataa. Muuguzi wa kambi alisema ni nimonia, na dawa ya maana haikuwepo pale, ilikuwa ya kununua mjini. Kununua na nini?

Siku moja, mume wangu akiwa kibaruani, nikaambiwa nina mgeni langoni. Alikuwa Mzee Chumo. Amekuja kutoka Turbo, amevaa lile koti lake refu, ameshika mkebe wa asali. Elewa maana yake, mwanangu: kwa siku zile, mtu wa kabila lake kuingia katika kambi yetu ilikuwa hatari kwake, na kuonekana kwao kwamba ametoka kwetu ilikuwa hatari zaidi. Watu walimtazama vibaya. Yeye alitembea tu, polepole, mpaka kwenye hema letu.

Akanipa ule mkebe. Akasema mizinga yetu iko juu, hakuna mtu ameigusa, hata wale waliochoma nyumba wameipita. Akasema amewaza sana. Msimu wa kurina ukifika, Baba Beryl aje arine asali yake. Hakuna wa kumzuia njia. Yeye Mzee atawaita wazee na vijana wote, waile asali hiyo. Wakishakula, mlango umefunguka, na sisi tutarudi kujenga. Hivyo ndivyo alivyokuwa amepanga, kwa utulivu, huku kambi nzima ikinung'unika nyuma yake.

Halafu akauliza, "Nyinyi mko namna gani hapa? Mtoto iko sawa?"

Beryl alikuwa ndani, anahema. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni mwa hema, nimeuziba kwa mwili wangu makusudi asimwone. Nilikuwa na hasira, mwanangu. Nilimtazama yule mzee mwema nikamwona mwanawe katika moshi. Nikasema moyoni, watuchomee, halafu nije kuwaombaomba? Sitampa raha hiyo. Nikamjibu, "Tuko sawa, Mzee. Asante."

Akaondoka. Na mimi nikajiona mwanamke shujaa kweli.

Hazikupita siku nyingi, maofisa wa serikali wakaja na msaada wa dharura kwa wafugaji na wenye nyuki. Siku hizi nasikia misaada kama hiyo ikija, ya ukame au ya mafuriko, mnajiandikisha kwa simu mkiwa mmelala. Sisi tulipanga laini kwenye mvua. Ofisa wetu alikuwa msichana mpole, amevaa gambuti, anauliza kila mtu kwa heshima. Masharti yalikuwa wazi. Ng'ombe aliyechukuliwa au kufa analipiwa. Mzinga uliochomwa au kuharibika unalipiwa. Kilichobaki hakilipiwi, maana hakijapotea.

Baba Beryl alipofikiwa alisema ng'ombe wamechukuliwa. Ofisa akaandika, lakini akamweleza kwamba wa ng'ombe ni wengi mno, malipo yao yatangoja awamu nyingine. Yanayotoka haraka ni ya nyuki. Akamuuliza kama ana mizinga. Mume wangu akasema anayo. Imeharibika? Akasema, "Hapana, madam. Mizinga yangu iko." Nilimvuta shati kwa nyuma. Hakugeuka. Alirudia kwa sauti, kama mtu anayejibu mbele ya hakimu, kwamba mizinga yake iko.

Jioni ile tuligombana kwa kunong'ona, maana hema halina siri. Nilimwambia mtoto wako anakufa na wewe unatetea magogo. Akaniambia, Mama Beryl, hayo magogo ndiyo hatimiliki yetu, karatasi ya shamba iliungua na nyumba. Nikamwambia, mtoto atakula hatimiliki? Alimchukua Beryl akambeba kifuani, akakaa naye hivyo ili apate kuhema.

Mwenye njaa hana miiko, wahenga walisema, na mwenye mtoto mgonjwa ndiye kabisa. Asubuhi, alipotoka kwenda kibaruani, nilirudi kwenye ile laini. Nilimwambia yule msichana kwamba mume wangu amechanganyikiwa na masaibu, asimsikilize. Mizinga iliungua yote, niliiona kwa macho yangu. Alinitazama. Akauliza, "Mama, una hakika?" Nikasema nina hakika. Nikaweka kidole.

Pesa zilitoka. Dawa ikanunuliwa. Beryl akapona, na sasa anafundisha kule Chepkoilel, ana gari, ananigombeza nikinywa chai ya sukari nyingi. Kwa hiyo usinitazame hivyo. Siombi msamaha kwa mtu kwa sababu ya ile dawa. Baba Beryl nilimwambia ni malipo ya ng'ombe yamewahi, naye akanunua mabati machache akayaficha nyuma ya hema, akingoja msimu wa kurina. Kila jioni aliyagusa yale mabati. Mimi niligeuza uso.

Nilichokuwa sikijui ni utaratibu wa serikali. Kila aliyelipwa, jina lake lilirudishwa kijijini kwake likasomwa barazani, ili mwenye pingamizi aseme. Mimi nilidhani neno langu limebaki pale kwenye meza ya yule msichana. Kumbe lilipanda gari likaenda Turbo kabla yangu.

Mzee Chumo alikuja tena. Safari hii mume wangu alikuwepo. Mzee alikuwa mikono mitupu, na hakuketi tulipomkaribisha. Alimsalimia Baba Beryl, mimi hakunisalimia. Akasema mizinga imetolewa yote. Walikuja mchana na kamba na panga, naye akiwa amesimama palepale, wakaiteremsha, wakagawana asali, magogo wakayapasua kuni. Ile njia yenu ya kuifikia, ya kwenda mtoni, imelimwa.

Mume wangu akauliza ni nani amethubutu. Mzee akasema asiulize nani. Ndipo akaeleza yale ya baraza. Naibu wa chifu alisoma kwamba mizinga ya mtu fulani iliteketea yote na serikali imemlipa. Watu wakageuka wakamtazama Mzee Chumo, kwa sababu mizinga ilikuwa inaonekana kutoka barabarani. Vijana wakamuuliza, Mzee, kama iliungua, hii tunayoiona ni ya nani?

"Ningesema ni yako," alimwambia mume wangu, "wangeshika bibi yako kwa kudanganya serikali. Nikanyamaza. Wakasema, basi, mwenyewe amekana. Na ni kweli. Kwa sheria yetu mwenyewe amekana."

Baba Beryl hakunitazama. Nilitamani anipige, nilitamani atukane, afanye lolote. Aliuliza tu kwa sauti ndogo kama nyuki walikufa au waliruka. Mzee akasema wengine waliruka.

Ndipo Mzee Chumo akanigeukia. Nimekemewa na wengi katika maisha yangu, mama mkwe nilikuwa naye pia, lakini hakuna aliyewahi kunikemea kama yule mzee, na hata sauti hakupandisha.

"Serikali uliidanganya," aliniambia, "hiyo mimi sina neno. Mtoto alikuwa mgonjwa, nimeambiwa hapo langoni. Lakini mimi nilikuja hapa. Nikasimama hapa hapa, nikakuuliza wewe. Ukaniambia mko sawa. Mimi niko na kondoo. Niko na ng'ombe. Ungesema, ningeuza kesho yake."

Sikuwa na pa kujificha tena. Nikamwambia ukweli, nikilia, kwamba nilidhani nilimwona kijana wake katika ule moshi siku tuliyochomewa. Mume wangu akashtuka, akataka kuninyamazisha. Mzee akamwashiria kwa mkono aniache. Alitazama chini, mvua inapiga hema. Halafu akasema, "Hata mimi nilimuuliza. Alikataa. Sijui kama ni ukweli alisema. Kila siku nakula chakula na yeye na sijui. Ungeniuliza, Mama Beryl. Tungekuwa wawili."

Akaondoka. Sikumwona tena akiwa hai.

Hatukurudi Turbo. Mabati tuliyauza. Tulipanga chumba hapa mjini, Baba Beryl akauza njugu na sigara kando ya steji ya matatu, akawa mtu wa kujibu anapoulizwa tu. Hakuwahi kunisuta. Ungedhani hiyo ni bahati. Asali alikataa kuila, hata ya dawa, hata ya dukani. Alipokufa tulimpeleka kuzikwa upande wa ziwa, kwa ndugu ambao watoto wao hawakumjua, na yeye alikuwa amesema atazeekea huku. Hakuzeekea huku wala kule.

Miaka ikapita, nikasikia Mzee Chumo amefariki. Nikaenda mazishi. Watu wa pale walikuwa wema sana, wametulia, wengine nywele zimekuwa nyeupe, wananishika mkono kwa mikono miwili. Hakuna aliyenitazama vibaya. Walinikalisha kwenye viti vya plastiki mbele, vile vilivyofungwa utepe. Mwendesha sherehe akashika kipaza sauti akawashukuru wageni waliosafiri kutoka mbali, na alipofika kwangu akanitaja kati yao. Binti mmoja akaniletea chai, akapiga goti kwa heshima, akaniuliza, "Mama, wewe umetoka wapi?" Kutoka pale nilipoketi nilikuwa naona mahali jiko langu lilipokuwa. Kuna mtu amepanda viazi. Nikamwambia yule binti nimetoka town. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe sitapewa pale, mwanangu. Nitapewa chai.

Sasa ninalokuambia ni hili, na usinikatize. Watu wakisikia habari hii hukimbilia kusema, usidanganye serikali. Ni kweli, usiidanganye. Ukisema kitu chako kimekufa na kiko hai, kuna siku atakuja mtu akizike, na hutakuwa na mdomo wa kumzuia. Lakini si hapo nilipoharibu. Niliharibu pale nilipoziba mlango wa hema kwa mwili wangu, nikamwambia mtu aliyehatarisha roho yake kuja kuniona kwamba tuko sawa. Ulimi uliponza kichwa, tunasema, na wangu uliponza kwa maneno mawili matamu kabisa. Ukiwa na shida, mpelekee kwanza aliyekuja kukuuliza, kabla hujaipeleka ofisini. Ukiwa na shaka na mtu, mtolee hiyo shaka usoni pake, hata kama sauti inatetemeka. Shaka ikilazwa hailali. Na kama jibu ni baya, angalau mtakuwa wawili mnaolijua.

Mimi nimechoka sasa, na wewe una safari. Njoo nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe mtu wa kukuuliza habari zako, na siku akikuuliza, akupe moyo wa kumjibu. Akupe mahali ambapo hutakaribishwa kama mgeni. Watoto wako wahesabiwe wenyeji popote watakapojenga, na wasiulizwe na mtu wametoka wapi. Amina. Nenda, mwanangu, kabla mvua haijashuka.